Usiidondoshe "eti" njiani: namna ya kutafuta ukweli bila kujiona mjuaji

Riziki yangu kwa miaka mingi imetoka mdomoni. Nilikuwa natembeza wageni, Lamu msimu ukiwa mzuri na Malindi mambo yakikaza, (wenzangu hujiita tuagaidi, mimi hilo jina silipendi manake askari akisikia nusu yake tu umelala ndani), na kazi ile ukiitazama vizuri ni kusema tu, unasema toka asubuhi gatini mpaka jioni Shela, na mgeni hana namna ya kujua kama unalomwambia ni kweli au umelitunga mkipanda ngazi za ngome. Kwa hivo msidhani naandika haya kwa vile mimi ni mkweli sana. Naandika kwa vile nimeona uongo unavyopikwa, na mwingi wala haupikwi na waongo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Jioni moja odio iliingia kwa grupu ya familia, sauti ya kijana inatetemeka, mashua ya Faza imezama Mkanda. Sikungoja hata dakika, nikaifowadi kwa grupu tatu na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa MASHUA YA FAZA IMEZAMA TUOMBENI DUA. Shangazi yangu yuko Faza na mwanawe alikuwa ndani ya mashua ile ile. Alianguka pale pale jikoni, majirani wakaja na maji, watu wakaanza kuulizana habari za kutafuta maiti. Saa nne usiku mashua ikaingia Faza, watu wote wazima, wana njaa tu na mbu wamewala. Ilikuwa imepwelewa. Kwa asiyeijua njia ile, Mkanda ni mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakipwa chombo hukaa juu ya mchanga kikangoja maji yajae, na simu huko hushika kwa bahati.

Baadae nikaifuata ile habari kinyumenyume, mtu kwa mtu, kama anayekunja uzi. Wa kwanza alikuwa ndani ya chombo, alipiga akasema "tumepwelewa" simu ikakatika. Wa pili akasema "eti wamepwelewa na simu hazishiki". Wa tatu akasema "eti hawaonekani huko Mkanda". Wa nne ndo yule wa odio, imezama. Na mimi wa tano nikatia herufi kubwa na dua. Sasa tazama hapo, hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya, hata mimi nilikuwa naomba dua walahi, lakini kuna kitu kilianguka kati ya wa tatu na wa nne na hakuna aliyeinama kukiokota. Kilichoanguka ni "eti".

Kwa hivo hatua ya kwanza ni hiyo, rudisha eti mahali pake. Kiswahili kimetupa vidude vidogo vidogo vya kuonyesha jambo umelipata vipi, eti, yasemekana, nasikia, nadhani, nahisi, huenda, na sisi tunavitupa kama maganda ya ndizi kwa sababu vinapunguza utamu wa habari. Nani atakusikiliza barazani ukisema "huenda"? Ukisema "walahi" ndo watu wanakuvutia kiti. Mimi siku hizi kabla sijapeleka habari yoyote mbele najiwekea mapakacha matatu kichwani, la kwanza niliyoyaona, la pili niliyoambiwa, la tatu niliyojazia mwenyewe. Hili la tatu ndo lina nyoka. Unapita Langoni unakuta duka la fulani limefungwa mchana wa jumatatu, ukifika nyumbani unasema fulani amefilisika. Ulichoona ni mlango na kufuli. Kufilisika umekuja nako wewe, na hukujua kama umekibeba.

Babu yangu alikuwa nahodha na ukimpelekea habari swali lake lilikuwa moja, "Umeona kwa mato yako au umeambiwa?" Ukisema nimeona kwa mato yangu haachi, anakuuliza ulikuwa umesimama wapi, jua lilikuwa upande gani, ulikuwa umekula? Tulikuwa tunacheka. Lakini yeye alikuwa ameona mazigazi baharini mara ngapi sijui, kisiwa kimeinuka kinaelea juu ya maji mchana wa jua kali, akajua hata jicho ni shahidi wa kuulizwa maswali.

Hatua ya pili ni kuhesabu visima badala ya kuhesabu ndoo. Hii nimejifunza kwa fedheha, Malindi. Pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama kila siku nilikuwa nawaambia wageni kwamba Mreno yule alipofika Malindi Aprili 1498 alipewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, India, wakafika chini ya mwezi mmoja, na rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa Kiarabu aliyeandika vitabu vya bahari. Nilikuwa naisema vizuri, na mikono. Siku moja mama mmoja mtu mzima akaniuliza kwa upole kabisa, "Unajuaje kama alikuwa yeye?" Nikamwambia kila mtu anajua. Akasema, ndiyo, lakini wewe unajuaje. Nikakasirika ndani kwa ndani mpaka masikio yakawa moto, na hasira ile ndo ilinionyesha sina jibu, manake mtu mwenye jibu hutoa jibu tu.

Nikaenda kusoma, ilinichukua muda kwa bando zangu za kuungaunga. Kumbe habari ya Ibn Majid ilitoka kwa mwanahistoria wa Makka, al-Nahrawali, aliyeandika miaka mingi baada ya tukio lenyewe, na waandishi wa Kireno wa karne ile ile wanamtaja Mgujarati. Ibn Majid wakati huo alikuwa mzee sana, na katika maandishi yake mwenyewe hakuna mahali anaposema ndiye aliyemvusha Vasco. Wanahistoria wengi siku hizi hawaikubali ile hadithi. Lakini ukihesabu vitabu, makala na sisi waongoza wageni tulioirudia, tunafika maelfu. Maelfu ya ndoo, kisima kimoja.

Hili jambo halikuja na intaneti. Aliyesoma chuoni anajua wanazuoni wa hadithi walivyokuwa wanafanya, huambiwi tu Mtume kasema hivi, unaulizwa umeipokea kwa nani, na yeye kwa nani, walikutana kweli au mmoja alikuwa ameshafariki, kumbukumbu yake ikoje, na katika mnyororo pete moja ikiwa mbovu hadithi inaitwa dhaifu hata kama maneno yake ni matamu. Sisi tunayajua haya toka utotoni, halafu tunashika simu tunameza odio ya mtu ambaye hata jina hatulijui. Hata mimi sijui kwanini.

Ya tatu naipenda zaidi, nayo ni kuuliza ushahidi unafika wapi na unaishia wapi. Mnajua stori ya Wachina. Watu wa Siyu na Pate, miji ya kisiwa cha Pate karibu na Lamu, wana masimulizi ya jahazi la Kichina lililovunjika zamani na mabaharia wakakaa wakaoa. Misafara ya Zheng He, yule amiri wa bahari wa China, ni ya kweli, 1405 mpaka 1433, na 1415 twiga wa Malindi alifika kwa mfalme wa China, hilo limeandikwa huko huko kwao. Halafu 2010 ikapatikana sarafu ya Kichina ya enzi hizo Mambrui, na 2013 nyingine kisiwani Manda. Basi barazani ikawa imekwisha, Wachina walikaa hapa! Pole pole bana. Sarafu inasema "mimi nimefika". Haisemi nimeletwa na nani, wala nimepita mikono mingapi, India au Hormuzi au wapi. Mimi nyumbani nina noti ya Thailand niliachiwa na mgeni, siku wajukuu wangu wakiifukua wasije wakasema babu yao alikuwa Mthai. Na kuna wanaosema magofu ya Shanga, kisiwani humo humo Pate, yameitwa hivo kwa ajili ya Shanghai. Lakini mji wa Shanga umechimbwa miaka ya 1980 na tabaka za chini zikakutwa ni za karne ya 8, miaka 600 kabla ya Zheng He hajazaliwa. Majina kufanana ni kitu rahisi sana, hata ushanga wa shingoni unafanana nalo. Sisemi masimulizi ya Siyu ni uongo, msije mkanipiga. Nasema sarafu iko pakacha moja na ndoa iko pakacha jingine.

Sasa lililo gumu zaidi, kutafuta kitakachokuvunja wewe. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, sote tunavuta. Machi 2023 ulitoka utafiti mkubwa wa DNA, wanasayansi walichukua mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji ya zamani ya mwambao, Manda na Faza zikiwemo, Mtwapa, mpaka Kilwa na Songo Mnara huko Tanzania. Wakakuta kwa wengi zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika na hasa upande wa kina mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, zaidi Waajemi wanaume, kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Barazani kwetu kuna ami mmoja maisha yake yote anasema sisi Washirazi, yaani wazawa wa Waajemi wa Shiraz, na mwenzake mwalimu mstaafu maisha yake yote anasema Ushirazi ni majivuno tu sisi ni Waafrika wa hapa hapa tukajipamba. Habari ilipofika kila mmoja akainuka na nusu yake! Huyu anasema "si niliwaambia, Uajemi", huyu anasema "si niliwaambia, Afrika", wameshindana mpaka kahawa ikapoa, na utafiti ule ule mmoja ulikuwa umewakosoa wote wawili kwa pamoja. Nilicheka. Halafu nikajiuliza mimi nilisoma nusu gani kwanza, nikanyamaza.

Kwa vitendo, dawa yake ni swali moja ambalo unajiuliza KABLA hujaanza kutafuta: kama nimekosea, ningeona nini? Andika. Ukishaandika nenda kakitafute hicho hicho. Ukiona huwezi kufikiria kitu chochote cha kukuonyesha umekosea, basi hilo jambo hukulipima, umelipenda tu. Kuna msomi wa Basra, Ibn al-Haytham, aliyechunguza mwanga na macho miaka elfu iliyopita, yeye alikuwa anafundisha kwamba mtafuta ukweli awatilie shaka waandishi anaowasoma, asiwaamini kwa majina yao, na akishamaliza kuwashuku wao ajishuku na yeye mwenyewe. Hapo mwisho ndo tunapochokea wengi. Nyani na kundule.

Jipime pia kwa mambo ambayo yatakujibu. Manahodha wana unyenyekevu ambao wanasiasa hawana na sababu si tabia njema, sababu ni bahari. Nahodha anasema maji yatajaa saa fulani, anajua kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, anajua bamvua, yale maji makubwa, ni mwezi ukiandama na ukiwa kamili, akikosea hesabu amelala juu ya fungu na abiria wanamtazama. Bahari haibishani na wala haikumbuki cheo chako. Mtu anayesema mambo ya miaka hamsini ijayo hakuna wa kumpwelesha. Kwa hivo nikaanza daftari, la mia moja tu, naandika ninachodhani kitatokea na naandika katika mara kumi ningepata mara ngapi. Mvua ya kesho, mechi, bei ya mafuta ya boti, fulani atalipa deni au hatalipa. (Si kamari, hakuna pesa hapo, mashehe wangu tulieni.) Baada ya miezi mitatu nikahesabu, mambo niliyoandika "lazima" yalikuwa 20, yaliyokuwa ni 13. Yaani lazima yangu ni theluthi mbili. Mke wangu alisema angeniambia bila daftari.

Mtu atasema sasa kama kila mtu anaweza kukosea basi hata daktari aweza kukosea, kwa hivo mimi na daktari sawa. Hapana. Hapa watu wanapotea sana. Vidonda vya tumbo, kwa miaka mingi madaktari dunia nzima walisema ni mawazo na asidi na pilipili. Wakaja Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakasema ni bakteria, wakachekwa, 1984 Marshall akanywa bakteria wenyewe akaugua tumbo ili aonyeshe, na 2005 wakapewa Nobel. Wengi huishia hapo, "waona, madaktari hawajui kitu". Lakini nani aliwakosoa madaktari? Madaktari. Kwa kupima, kwa darubini, kwa wagonjwa waliopewa dawa ya bakteria wakapona. Haikuwa odio. Ukitaka kumkosoa fundi wa jahazi sawa, lakini uwe umeshika tezo au angalau umekaa naye akitia kalafati ukaona pamba inaingiaje, sio umesimama gatini na soda. Na huyo huyo fundi ukimtoa kwenye jahazi ukamuuliza habari za figo yeye na wewe ndo mko sawa. Maji ya kifuu bahari ya chungu, kila mmoja ana kifuu chake, kazi ni kujua ukingo wake uko wapi.

Na ukifika ukingoni sema sijui. Fupi hivo. Inasimuliwa Imam Malik aliulizwa masuala 48 na katika 32 akajibu sijui, mtu mwenye madhehebu mazima kwa jina lake! Mimi nilipoanza kusema sijui kwa wageni niliogopa bakshishi itapungua. Haikupungua, mgeni ukimwambia hili najua, hili nimesikia kwa wazee, hili sijui, anaanza kukuamini yale uliyosema unajua. Mazoezi: siku moja kwa wiki jilazimishe kusema sijui mara tatu. Mwanzo inauma kama kung'oa jino.

Ukibishana na mtu, kabla hujamjibu mrudishie maneno yake mpaka aseme "naam, ndo nnavosema". Mara nyingi hapo hapo ubishi unaisha, manake mlikuwa mnabishana na vitu viwili tofauti. Kwa hili sina la ziada, jaribuni tu.

Na ukikosea sahihisha pale pale ulipokosea na kwa sauti ile ile. Uliandika kwa herufi kubwa kwenye grupu tatu, rudi kwenye grupu tatu na herufi kubwa, usimtumie mtu mmoja inboksi kwa siri "samahani ile haikuwa kweli". Mimi kwa ile ya mashua nilivuka mpaka Faza, kwa Mkanda huo huo, nikakaa kwa shangazi nikamwambia ni mimi. Akanipa chai kwanza, halafu akanisema mpaka alasiri.

Limebaki la wakubwa, ambalo watu huniuliza. Utamuulizaje mzee "umejuaje" bila kuonekana huna adabu? Usimuulize hivo. Muulize kama anayetaka kupokea, "Ami, hii nzuri, umeipata kwa nani na mimi nikamsikilize?" Hapo hujamkanusha, umemwomba mnyororo tu, na mzee mwenyewe ataanza kuukumbuka, "nadhani ni kwa marehemu fulani, au ilikuwa..." na eti inarudi yenyewe. Nimeitumia mara nyingi na imefanya kazi. Mwezi uliopita kwenye harusi huyo huyo ami wa Washirazi alikuwa anawapa vijana ile habari ya Ibn Majid, Malindi, 1498, Calicut, na mikono anapiga vile vile kabisa. Nikangoja amalize, nikamsogelea, nikambusu mkono, nikamwambia, ami, stori tamu, umeipata kwa nani?

Akanitazama. "Kwako wewe. Si kila siku ulikuwa ukipita hapa na wazungu wako ukipiga kelele?"